George Mukabi: Gwiji wa gita kutoka Kisa na siri ya sauti iliyovuka kaburi

WAPENZI wa muziki wa zamani nchini wanapotaja magwiji wa gita kavu, yaani gita lisilotumia umeme, jina la George Mukabi halikosi kuwa miongoni mwa yale ya kwanza. Mwana huyu wa Kisa, katika eneo ambalo leo ni Khwisero, Kaunti ya Kakamega, aliuawa mwaka 1963. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu aage dunia, lakini mtindo aliouvumisha, unaojulikana kama omutibo, ungali unapigwa vijijini na kusikilizwa mbali na alikozaliwa.

Maisha yake husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya nyimbo tamu na kifo cha kusikitisha. Hata hivyo, upo upande mwingine usiozungumziwa sana. Mukabi alikuwa mwimbaji mwenye gita moja la mbao na sauti yake ya koo, akisaidiwa na mlio wa chupa ya soda. Hapakuwa na kipaza sauti wala spika. Ilhali muziki wa namna hiyo uliweza kuuchezesha umati uani, na kila aliyekuwapo akaondoka akiukumbuka.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyowezekana, yafaa kuifuata sauti yenyewe katika safari yake: kutoka kwenye uzi wa gita hadi hewani, kutoka hewani hadi sikioni, na hatimaye hadi kwenye santuri, ambako ndiko ilikookolewa isipotee pamoja na mwenyewe.

MALEZI PENYE NGOMA

Mukabi alizaliwa baina ya vita viwili vikuu vya dunia, wakati sehemu kubwa ya Magharibi ikiitwa Kavirondo ya Kaskazini na mji wa Kakamega ukiwa makao makuu ya wilaya. Enzi hizo jina la Kakamega lilivuma hadi Ulaya, si kwa muziki bali kwa dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1931 na kuwaleta wachimbaji wengi wa kigeni.

Utajiri wa wenyeji, lakini, ulikuwa pia katika ngoma zao. Jamii za Isukha na Idakho zilikuwa na isukuti, ngoma tatu zipigwazo kwa pamoja: kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na baragumu ya pembe na njuga za chuma. Wabukusu walikuwa na litungu, ala ya nyuzi. Katika maeneo mengi ya Waluhya kulikuwa na shiriri, fidla ya kienyeji. Mtoto aliyekulia Magharibi alisikia ala hizi katika arusi, matanga na sherehe za kutahiri kabla hajaliona gita.

Ngoma ni mwalimu mzuri wa namna sauti inavyozaliwa. Mpigaji anapoichapa ngozi, ngozi hiyo hubonyea kisha hurudi kwa nguvu. Inaporudi huisukuma hewa iliyo karibu na kuibana. Inapobonyea tena huiacha hewa hiyo ilegee. Mbano na ulegevu huo hupokezanwa kutoka tabaka moja la hewa hadi jingine, na hayo ndiyo mawimbi ya sauti.

Ni muhimu kutambua kwamba hewa yenyewe haisafiri kutoka ngomani hadi sikioni. Mfano mzuri ni watu waliopanga foleni ndefu kwenye kituo cha kupigia kura. Aliye nyuma kabisa akimsukuma mwenzake, msukumo utapokezanwa hadi ufike mlangoni, ilhali kila mpiga kura angali amesimama mahali pake. Kilichosafiri ni msukumo, si watu. Vivyo hivyo, kinachosafiri kutoka kwa mwanamuziki ni mtikisiko, si upepo.

Mwanasayansi Robert Boyle alilithibitisha jambo hili nchini Uingereza mwaka 1660, alipoweka saa ndani ya chombo cha kioo na kuifyonza hewa yote aliyoweza. Kadiri hewa ilivyopungua ndivyo mlio wa saa ulivyofifia. Pasipo na hewa, au kitu kingine cha kuupokezana mtikisiko, hakuna sauti.

Kasi ya mtikisiko huo hutegemea zaidi joto la hewa. Katika nyuzi sufuri za selsiasi, sauti husafiri takriban mita 331 kwa sekunde. Joto likifika nyuzi 20, kama ilivyo kawaida Kakamega, kasi hupanda hadi mita 343. Baadhi ya watu hudhani kwamba kwa kuwa Kakamega imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, basi sauti huko hucheleweshwa na wepesi huo. Sivyo. Ikiwa joto ni sawa, kasi ni ile ile.

Wakazi wa Kakamega, ambao wamezoea radi za alasiri, wana njia rahisi ya kuihakikisha kasi hii. Mwanga wa radi huonekana papo hapo, bali ngurumo huja baadaye. Kila sekunde tatu zinazopita kati ya mwanga na ngurumo ni sawa na umbali wa karibu kilomita moja.

UZI, KIDOLE NA SANDUKU

Gita liliingia vijijini mwa Magharibi likiletwa na watu waliokuwa wameondoka kutafuta kazi mijini na katika mashamba ya walowezi, pamoja na askari waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya hamsini, santuri za wapiga gita wa Katanga, hususan Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, zilisikilizwa kwa hamu Afrika Mashariki. Vijana wa Kiluhya waliziiga, kisha wakazichanganya na midundo ya kwao. Katika mchanganyiko huo ndipo omutibo ilipochipuka, na Mukabi akawa nembo yake.

Kanuni zilizotawala vidole vyake zilikuwa zimeandikwa karne tatu awali. Mwaka 1636, mtawa wa Kifaransa aitwaye Marin Mersenne alichapisha sheria za nyuzi za muziki. Uzi ukifupishwa, hutetemeka upesi zaidi na mlio wake hupanda. Ukikazwa, mlio hupanda vilevile. Ukiwa mnene na mzito, hutetemeka polepole na mlio hushuka. Mpiga gita hutumia sheria zote tatu kila dakika: huchagua uzi mnene au mwembamba, huukaza kwa kitasa chake, na huufupisha kwa kuubana kwa kidole shingoni mwa gita.

Wingi wa mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Uzi mnene kuliko wote katika gita lililotegwa kwa kawaida hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba kuliko wote hutetemeka takriban mara 330. Mpigaji akiubana uzi katikati kabisa ya urefu wake, idadi ya mitetemo huongezeka maradufu, na sikio husikia noti ile ile iliyopanda ngazi moja kamili.

Hata hivyo, uzi peke yake hauwezi kuuchezesha umati. Ni mwembamba mno. Unapotetemeka huikata hewa badala ya kuisukuma, kama fimbo inayopungwa ikilinganishwa na ungo. Kazi ya kuisukuma hewa hufanywa na sanduku la gita. Mtetemo wa nyuzi hupita kwenye kidaraja ulikofungwa uzi na kuingia kwenye ubao wa mbele, na ubao huo mpana hutikisika na kuisukuma hewa nyingi kwa mpigo mmoja. Hewa iliyomo ndani ya sanduku nayo huitika na kupumua kupitia tundu, ikiipa nguvu milio ya chini.

Hapa ndipo ustadi wa Mukabi unapodhihirika. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, likiendesha besi iliyotembea kama ngoma kubwa. Kidole cha shahada kilicheza juu, kwenye nyuzi nyembamba, kikitunga wimbo uliojibizana na sauti ya mwimbaji. Kwa kuwa gumba na kidole havikugonga kwa wakati mmoja, bali kila kimoja kilijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, msikilizaji asiyemwona mpigaji angeapa kwamba wanapiga watu wawili.

Aliyezoea isukuti hatashangazwa na mpango huo. Katika isukuti pia, ngoma kubwa na ndogo hugawana nafasi, hii ikitoa msingi na ile ikipamba. Omutibo iliuhamisha ugawaji huo kutoka mikono ya wapigaji watatu hadi vidole viwili vya mtu mmoja.

CHUPA YA SODA UANI

Adui mkubwa wa mwanamuziki asiye na umeme ni umbali. Sauti inapotoka kwenye gita hutawanyika pande zote, na nguvu ile ile hulazimika kuenea katika eneo linalozidi kupanuka. Aliye umbali wa mita mbili hupata robo tu ya nguvu inayomfikia aliye umbali wa mita moja. Aliye mita nne hupata sehemu moja kwa kumi na sita. Ndani ya nyumba kuta huirudisha sauti kwa wasikilizaji. Uani hakuna ukuta, na sauti huyoyomea angani.

Isitoshe, wachezaji hupiga makofi, huburura miguu na kucheka. Mlio mwororo wa gita hufunikwa upesi. Jibu la wanamuziki wa omutibo lilikuwa chupa ya soda, hasa ile ya zamani ya Fanta iliyokuwa na mikunjo ubavuni. Mpigaji wa pili aliigonga na kuikwaruza kwa kijiti cha chuma, akilinda mwendo wa wimbo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa mtazamo wa kwanza, chupa ni kitu duni. Lakini sikio la binadamu halisikii milio yote kwa usawa. Lina uwezo wa kusikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 kwa kijana mwenye afya, na hunasa kwa wepesi zaidi milio iliyo kati ya hezi 2,000 na 5,000. Mlio mkali wa kioo na chuma huangukia humo humo. Nguvu kidogo ya mkono hutoa mlio ambao sikio haliwezi kuupuuza. Tena, milio hiyo iko juu ya ile ya nyuzi za gita, kwa hiyo chupa haikulifunika gita bali ilijaza pengo lililokuwa wazi.

Urefu wa mawimbi nao una kazi yake. Wimbi la uzi mnene wa gita lina urefu wa zaidi ya mita nne, hivyo huzunguka kwa urahisi watu na miti na kuwafikia waliosimama nyuma. Wimbi la mlio wa hezi 4,000 lina urefu wa karibu sentimita tisa tu. Huzuiwa na mwili wa mtu, lakini kwa aliye mbele yake hufika likiwa kali na dhahiri. Besi ya gumba iliwashikilia walio mbali, nayo chupa iliwaongoza miguu walio karibu.

Kila aliyewahi kusikia disko matanga kutoka kijiji cha pili anaijua tofauti hii. Kinachofika ni mdundo wa besi pekee, kwa maana hewa hufyonza milio ya juu upesi zaidi kuliko ya chini. Vilevile anajua kwamba usiku muziki husikika mbali kuliko mchana, na sababu si utulivu pekee. Mchana, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto zaidi, na mawimbi ya sauti hupinda kwenda juu. Usiku ulio shwari ardhi hupoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na mawimbi hupinda kurudi chini kwa wasikilizaji. Ngoma za usiku zilikuwa na msaidizi asiyeonekana.

SANTURI NA REDIO

Pamoja na ustadi wote huo, sauti ya uani ina mwisho. Mtikisiko wa hewa hugeuka kuwa joto dogo mno lisilohisika, na kwa muda mfupi kila kitu hunyamaza. Mwanamuziki aliyetaka kusikika nje ya kijiji chake alihitaji kuigeuza sauti kuwa kitu kinachoweza kubebwa.

Mukabi alirekodi katika zama za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Kwa muhtasari, kipaza sauti huugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na umeme huo hatimaye huiongoza sindano inayochonga mfereji mwembamba wenye mawimbi. Mfereji huo ni picha ya sauti. Sindano ya gramafoni ikipita juu yake hutikisika vile vile hewa ilivyotikisika siku ya kurekodi, na mwimbaji husikika tena.

Upande mmoja wa santuri ya namna hiyo ulibeba takriban dakika tatu. Nyimbo ambazo vijijini zingeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyopenda ziliminywa zitoshe humo. Huenda ndiyo sababu nyimbo zake zilizosalia hazina neno la ziada. "Sengula Nakupenda" ndio unaokumbukwa zaidi, na "Mtoto si Nguo" haujasahaulika. Mukabi aliimba kwa Kiluhya na kwa Kiswahili kuhusu mapenzi, ndoa na mienendo ya watu, na Kiswahili ndicho kilichomfungulia milango kwa wasikilizaji wasiokuwa wa kabila lake.

Redio ilizidisha umbali huo. Kutoka Nairobi hadi Kakamega kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 290. Lau sauti ya gita ingeweza kuivuka Bonde la Ufa kwa kupitia hewani, ingechukua karibu dakika 14 kufika, ila isingefika, maana ingekwisha nguvu ndani ya kilomita chache za mwanzo. Mawimbi ya redio, ambayo si mtikisiko wa hewa bali ni ya jamii moja na mwanga, huumaliza mwendo huo kwa sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Hivyo ndivyo mtu wa Kisa alivyoweza kuingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuiona Kisa.

KIFO CHA GHAFLA

Mwaka 1963, ambao ulimalizika kwa Kenya kujipatia uhuru tarehe 12 Desemba, Mukabi alifariki dunia. Hakuuawa na ugonjwa wala ajali. Aliuawa katika ugomvi na watu wa ukweni kwake, uliotokana na mfarakano wa kinyumbani. Mtu aliyeimba kuhusu unyumba na tabia njema alipatwa na mauti kwa sababu ya mambo yayo hayo.

Ni sehemu ya maisha yake isiyofaa kupambwa wala kufichwa. Nyumba iliyogawanyika iliwapokonya watoto baba, na nchi changa ikampoteza mmoja wa wanamuziki wake hodari kabla haijaimba wimbo wake wa kwanza wa taifa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya gita la umeme. Wana wa Magharibi kama Daudi Kabaka na John Nzenze walitamba Nairobi kwa mtindo wa twist. Kipaza sauti na spika viliondoa tatizo la umbali ambalo chupa ya soda ililitatua kwa ustadi mwingi. Mukabi hakuishi kuona muziki wa enzi hiyo ukikomaa.

WARITHI WA OMUTIBO

Omutibo, lakini, haikuzikwa. Kikundi cha Abana ba Nasery kutoka Bunyore, kikiongozwa na Shem Tube, kiliendelea na gita kavu pamoja na chupa ya Fanta, na rekodi zake zikachapishwa upya London mwaka 1989. Wasikilizaji wa Ulaya waliduwaa kusikia magita mawili na chupa vikitoa muziki uliokamilika.

Mwanawe Mukabi, Johnstone Ouko Mukabi, naye alilishika gita na kuuendeleza mtindo wa baba. Katika miaka ya 2010, nyimbo za marehemu zilikusanywa kutoka kwenye santuri kuukuu na kutolewa upya nchini Marekani katika albamu iliyoitwa "Furaha Wenye Kisa". Isukuti nayo, ngoma ya majirani zake, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi wa kitamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Neno dharura linafaa kwa santuri pia. Zile za mizunguko 78 huvunjika kama sahani. Kila mara sindano inapopita hukwangua sehemu ndogo ya mfereji, na milio ya juu, ile ya chupa na ya kidole cha shahada, ndiyo inayofutika kwanza. Unyevunyevu na vumbi humalizia kazi. Santuri inayotupwa jalalani wakati nyumba ya babu ikibomolewa huenda ndiyo nakala ya mwisho ya wimbo fulani, na hakuna sayansi inayoweza kuurejesha mtikisiko ambao haukubaki popote.

Mukabi alifanikiwa kuyashinda mambo mawili kati ya matatu yanayoizuia sauti. Alishinda udhaifu wa uzi kwa sanduku na vidole viwili. Alishinda umbali kwa chupa, santuri na redio. La tatu, ambalo ni muda, hakuwa na uwezo wa kulishinda peke yake. Kazi hiyo imeachiwa walio hai: wenye santuri wazihifadhi na kuruhusu zinakiliwe, na wenye vidole wajifunze kutoka kwa wazee wanaojua kuupiga mtindo huu ingali mapema. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la muziki wa Kisa liliandikwa kwa sindano.